Kila Mtu Amesema, Barke Bado

Kitabu cha Khatibu kilifika Likoni nakala tano ndani ya mfuko wa plastiki, pamoja na mchele wa biriani na dawa ya mgongo ya mama yake. Kiliitwa *Maiti Hapigi Chafya*. Jaladani palichorwa jeneza, na mkono umetoka nje ya jeneza umeshika sigara inayowaka. Mwanasiti alikipindua akaona picha ya mwanawe kavaa tai, akacheka mpaka miwani ikamshuka puani. Mtoto aliyemlea kwa uji wa mtama, karani wa makontena huko Kipevu, leo yuko nyuma ya kitabu kama waziri.

Ilikuwa mwaka wa tisini na moja, siku chache baada ya Idi. Mwanasiti alisoma hadi darasa la nne tu, na kusoma alijua, ila alisoma kwa kidole, neno baada ya neno, na herufi zenyewe zilikuwa ndogo kama mbegu za mchicha. Kwa wiki tatu alifika ukurasa wa arobaini, na watu wanne walikuwa washakufa. Nakala nyingine alizigawa mtaani. Moja alimpa Mzee Stambuli, fundi wa zamani wa feri. Moja alimpa Jumwa muuza mboga. Moja aliipeleka nyumba ya ustadh, naye akaipokea kwa ncha za vidole. Ya mwisho alimpa Barke, jirani yake wa ukuta kwa ukuta, kwa sababu Barke alipenda kusoma kuliko wote.

Kisha maoni yakaanza kuja. Mwandishi alikuwa anaishi Changamwe, kwa hiyo maoni yalimwendea mama, kama vile mbuzi akila shamba la watu anayeshtakiwa ni mwenye mbuzi.

Wa kwanza alikuwa Mzee Stambuli, na penseli sikioni.

"Siti, mwanao kaua watu kumi na mmoja katika kurasa mia na arobaini. Nimepiga hesabu. Ni karibu maiti mmoja kila kurasa kumi na tatu."

"Si ni kitabu cha majambazi, Mzee Stambuli? Ulitaka wafe kwa homa?"

"Wafe watakavyo, lakini wafe mara moja! Huyu Kibogoyo kapigwa shoka ukurasa wa ishirini. Ukurasa wa sabini yuko mkahawani, aagiza chai ya tangawizi."

"Labda ni watu wawili, jina moja."

"Jina moja, kovu moja, na mke mmoja? Mwambie akimfufua mtu atuarifu."

"Lakini umekimaliza?"

"Nimekimaliza mara mbili. Ya pili nilikuwa nahakiki hesabu."

Ustadh Mwinyihaji alisimama nje ya mlango, hakutaka hata kukaribia kiti. "Bi Siti, mimi sijakisoma wala sitakisoma. Kumfanyia mzaha maiti si adabu."

"Haya, ustadh."

"Hasa pale mwizi alipojificha ndani ya sanda, watu wasimama kumswalia, naye akapiga chafya. Pale kavuka mpaka." Akajikohoza. "Nimehadithiwa."

"Naam, ustadh."

"Na umwambie swala ya maiti haina rukuu. Ukurasa wa sitini na tatu kamrukuisha imamu mzima."

Mwanasiti alitazama miguu yake asicheke mbele ya mtu wa watu. Siku zile alikuwa na furaha, nayo furaha hiyo alikuwa akiionea haya kidogo, maana yeye mwenyewe alikuwa mwosha. Miaka ishirini na sita sasa, mwanamke akifa upande ule wa Likoni, alikuwa akiitwa Mwanasiti. Aliwaosha wakubwa na watoto, waliokufa vitandani na waliokufa vibaya. Watu walimwamini kwa mikono yake laini, na zaidi kwa kinywa chake. Sheria ya mwosha inajulikana: ukiona jema kwa maiti, sema, ukiona la kuaibisha, lifunike, ulizike naye. Mwanasiti alikuwa amezika mengi kwa namna hiyo.

Ndipo akaja Jumwa na karai lake la mchicha kichwani. Jumwa hakujua kusoma. Binti yake Mapenzi alikuwa akimsomea kila alasiri wakifunga mafungu ya mboga.

"Mama Khatibu! Wallahi, hata mimi Mkristo naapa wallahi, mwanao ataniua! Mbavu zauma!"

"Damu si nyingi mno?"

"Damu ni nyingi, lakini yaja na kicheko, kama embe bichi na pilipili. Walia huku wataka tena. Na ile ya paja! Umefika kwenye paja?"

"Paja gani?"

"Ai! Yule bibi mkuu wa majambazi akifa. Waosha wamfunua, wakuta pajani kachanjwa jina la mwanamume. Na limeandikwa juu chini! Inspekta yuasimama miguuni, hasomi kitu. Yuageuza shingo kama kuku anywaye maji. Hadi yule mwosha yuamwambia, 'Bwana mkubwa, njoo huku kichwani. Hukuandikiwa wewe. Kaandikiwa mwenyewe, ajisomee akikaa.'" Jumwa alijipiga mapaja yake mwenyewe kwa kicheko. "Mapenzi kashindwa kuendelea. Mchicha wote tumeumwaga."

Mwanasiti alicheka mdomo tu. Jumwa alipokwisha kwenda, aliingia chumbani, akarudisha mlango, akatafuta hilo paja. Alilikuta ukurasa wa tisini na mbili. Alilisoma kwa kidole, na kila neno lilikuwa la kwake. Jina limetobolewa kwa sindano na masizi. Liko juu ya goti la kushoto, kiganja kizima. Herufi ya mwisho haikumalizika, kana kwamba aliyekuwa akitoboa aliitwa ghafla akaondoka. Khatibu alibadilisha jina na kumfanya marehemu jambazi. Mengine yote aliyaacha kama alivyoyapokea.

Mwenye paja lile alikuwa Bi Tumu, mamake Barke.

Alikufa mwaka wa themanini na mbili. Alikuwa mwalimu wa chuo cha Kurani. Nusu ya Likoni ilijifunza alifu na be kwenye mkeka wake, na nusu hiyo hiyo ilionja kiboko chake. Mwanamke mkali, hakuonekana hata kisigino. Siku ile chumbani walikuwa wawili tu: Mwanasiti akiosha, Barke akimimina maji. Nguo ilipoteleza wakaliona jina pamoja. Halikuwa jina la marehemu baba yake Barke. Halikuwa jina la mtu yeyote waliyemjua. Mwanasiti alivuta nguo akafunika, Barke akamimina maji, na tangu siku ile hawakulitaja, lakini ndilo lililowafanya ndugu. Kila Ijumaa Barke alikuwa akimpitishia sahani juu ya ukuta: leo mkate wa sinia, kesho viazi vya karai.

Sasa Khatibu alijuaje? Alijua kwa mamake. Mwaka wa themanini na nne aliugua homa ya matumbo, siku arobaini hanyanyuki, kakata tamaa kauelekea ukuta. Mwanasiti alikaa naye akimsimulia kila kilichokuja mdomoni, ili acheke, ili asizame. Siku moja akasema, "Palikuwa na mwanamke mmoja, wa mbali huko." Hakutaja jina, wala mtaa, wala mwaka. Akaona amesitiri. Mtoto alicheka, akaomba uji, na mama akamshukuru Mungu kwa kicheko kile.

Alihesabu Ijumaa akakuta ni mbili sasa, sahani haijapita juu ya ukuta. Mtaa mzima umeshasema juu ya kitabu, Barke bado.

Kesho yake asubuhi alijifunga kanga akaenda. Barke alikuwa uani akichambua mchele, ungo magotini.

"Hodi, Barke."

"Karibu." Hakusema shikamoo. Miaka yote alimwamkia shikamoo.

Mwanasiti alikaa kwenye kibao. "Nimekuja kuuliza kitabu umekionaje."

Barke alipeta mchele mara mbili, makapi yakaruka. "Nimekipenda," akasema. "Nimecheka hadi ukurasa wa tisini na moja."

Hapo Mwanasiti hakuwa na pa kujificha. Akamweleza yote: homa, siku arobaini, mwanamke wa mbali. "Sikumtaja jina, Barke. Naapa, hata yeye hajui ni nani."

"Najua hukumtaja. Ungemtaja ningekuwa nishakujia mlangoni na mwiko." Akaokota jiwe kwenye mchele akalitupa. "Watu hawajui. Jumwa alikuja hapa juzi, akanisimulia, acheka, nami nikacheka naye. Nilifanyaje? Nilicheka, Bi Siti. Namcheka mamangu mbele ya muuza mchicha. Kila anayefika ukurasa ule yuafunua nguo. Wewe uliifunika mara moja, sasa yafunuliwa kila siku, na wanaume pia wafunua. Stambuli kaona. Ustadh kaona, aliyefundishwa alifu na mamangu mwenyewe!"

"Nifanye nini, mwanangu?"

"Akitoe kisa kile. Nasikia kitabu kitapigwa chapa tena."

"Nitamwambia akitoe."

"Na usimwambie kwa nini."

Mwanasiti aliokota punje ya mchele iliyoruka, akairudisha ungoni.

"Ukimwambia kwa nini," Barke akasema, "utakuwa umemfunua mara ya tatu."

Khatibu alikuja Ijumaa baada ya swala, kachangamka, kalamu mfukoni mwa shati. Mama alikuwa akimenya mbaazi. Mwana alitaka kusikia maoni, naye akampa: maiti kumi na mmoja wa Stambuli, rukuu ya Mwinyihaji, mbavu za Jumwa. Khatibu alicheka, akaandika, "Kibogoyo, ukurasa wa sabini, aa! Kweli!" akajipiga kipaji.

"Mama, wachapishaji wafurahi. Toleo la pili ni mwezi ujao. Na jaladani safari hii wataka wachore inspekta kageuza shingo, asoma paja."

Mbaazi zilimtoka mkononi. "Hilo paja litoe."

"Nitoe nini?"

"Jaladani usilitie. Na kitabuni ulitoe, lote."

"Mama, ndilo linalopendwa! Kila barua wanayoandika wasomaji inalitaja. Ustadh ndiye kakutia maneno?"

"Si ustadh."

"Basi nani?"

"Ni mimi nakuomba."

"Kwa sababu gani? Hadithi ulinipa mwenyewe. Mwanamke wa mbali huko." Na akiyasema maneno hayo, akayasikia. Mwanasiti alimwona akiyasikia. Mtu aliyemfundisha inspekta wake kunusa uongo alikuwa ameketi mbele yake kwenye mkeka, na uso wake ukabadilika polepole.

"Hakuwa wa mbali," Khatibu akasema.

Mama akaokota mbaazi moja moja.

"Mama. Ulimwosha wewe. Hapa hapa." Akashusha sauti. "Ni Bi Nyamvula wa kisimani?"

Mama akamenya.

"Ni yule mke wa nahodha?"

Mwanasiti alitambua kwamba akimkana huyu, atakuwa amemnyooshea Khatibu njia ya kumfikia mwingine. Kwa hiyo hakukana. Uso aliufanya kama ukuta uliopakwa chokaa, kama anavyoufanya akitoka chumba cha maiti na jamaa wote wakimtazama machoni. Khatibu aliwapitia wafu wa mtaa mmoja mmoja, na kwa kila mmoja mama alimenya mbaazi moja, si kwa haraka, si kwa kuchelewa. Jina la tano lilikuwa la Bi Tumu. Mbaazi ikamenywa kama za awali. Jina la sita likaja, na la saba.

Kisha akaweka bakuli chini. "Khatibu. Sijawahi kukuomba kitu kwa maziwa uliyonyonya. Leo nakuomba kwa hayo. Litoe, na usiniulize tena. Ukiliacha, mimi nitakupenda vilevile, lakini radhi yangu usiitafute."

Neno hilo kwao halitajwi ovyo. Khatibu aliivuta nakala ya mama. Akatoa kalamu, akafungua kitabu, akaupiga ukurasa wa tisini na mbili mistari miwili iliyokatizana, na wa tisini na tatu, na nusu ya wa tisini na nne.

"Inspekta atamjuaje muuaji sasa?" akauliza, kwa sauti ya mtoto aliyenyang'anywa.

"Wewe ndiye fundi. Mtafutie njia nyingine."

Alipokwisha kuondoka, Mwanasiti alikwenda upande wa pili wa ukuta. Barke alikuwa mlangoni, kama aliyekuwa akingoja.

"Amekubali. Amepiga mistari, nimeona kwa macho yangu."

"Hakuuliza?"

"Aliuliza."

"Ukamjibu nini?"

"Sikumjibu. Alitaja majina, nami sikumjibu hata moja."

"Na la mamangu alilitaja?"

Hapo angeweza kusema hapana. Ingekuwa rahisi, na pengine ingekuwa huruma. "Alilitaja," akasema. "Kati ya mengine. Sikutikisika."

"Kwa hiyo hajui."

"Sijui kama ajua, Barke. Ni mwanangu, lakini moyoni mwake sikuingia."

Barke alitazama njia, watu wakitelemka kuelekea feri na vikapu vyao. "Ahsante," akasema mwishowe, na ilikuwa ahsante ya kweli. "Umefanya ulichoweza. Wengine waoshe kama kawaida, sitasema kwa mtu neno lolote, na wakikuita uende. Mikono yako haina kosa." Akavuta pumzi. "Lakini mimi nimeshamwambia binti yangu. Siku yangu ikifika, amwite yule mama mwosha wa Jomvu Kuu."

Mwanasiti alikubali kwa kichwa. Alitaka kusema kwamba yule wa Jomvu Kuu ana haraka, kwamba maji huyatia moto mno na nywele hazifumui kwa subira. Alimtakia jioni njema akarudi kwake, taratibu, mkono mmoja ukipapasa ukuta.