Mtoto Asiyesumbua

Mwanga wa asubuhi ile ulipita kwenye pazia la njano, na kila ulipotua uliacha njano: juu ya shuka, juu ya kikombe cha chai, juu ya mikono yangu, juu ya uso wako. Ulikuwa na siku nne duniani, mgeni. Nilikutazama nikasema una rangi nzuri.

Mimi ndiye niliyesema hivyo. Mimi ninayechanganya rangi dukani, mimi ninayemwambia fundi njano hii ni ya jikoni na ile ni ya ukuta wa nje, mimi ambaye njano za kila aina zimepita mikononi mwangu. Yako sikuiona.

Nilikuja kwa ajili ya mama yako. Sisi tunaokuja hivi si madaktari, si manesi, na hatulipwi. Ni wanawake tulionyonyesha wenyewe, chuchu zikachanika, tukajifungia chooni tukalia, tukanawa uso, tukarudi kunyonyesha. Na sasa tunawatembelea wenzetu wanaoanza. Tulifundishwa Jumamosi nne tu. Usimguse mama bila ruhusa yake. Usimkatishe anaposema. Na kabla ya yote, kabla ya kusifu, kabla ya kupoza moyo, uliza: tangu jana mtoto amelowesha nepi ngapi? Maziwa yanayoingia hayaonekani, mgeni. Yanayotoka ndiyo shahidi.

Sikuuliza.

Swali lilikuwa tayari kinywani. Lakini bibi yako, aliyekaa mlangoni akikunja vinguo vyako, alinitangulia. "Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe! Huyu wa kwetu leo ya nne, na kazi yake ni kulala. Hasumbui hata kidogo. Huyu si mtoto, huyu ni mstaafu!"

Tukacheka. Mama yako alicheka akishika tumbo, maana mshono wake ulikuwa bado mbichi, na mimi nikafurahi kumwona anacheka kwa sababu nilimkuta analia. Hasumbui. Neno tamu hilo, kila nyumba hulipenda. Nikakuangalia ulivyolishika titi, mdomo wazi, kidevu kimegusa, kila kitu kama tulivyofundishwa, nikamwambia, "Unaona, mdogo wangu? Unaweza. Unaweza kabisa." Nikaaga, nikawahi dukani.

Siku mbili zikapita. Nilikuwa nakoroga ndoo ya mteja ujumbe wa mama yako ulipoingia. Dada asante sana, mtoto mzuri mno, amelala tangu alfajiri, hata kunyonya hataki, na mimi nimepumzika. Mwishoni ameweka vimoyo viwili vyekundu. Nikatazama saa ya ukutani. Ilikuwa saa tano.

Mti wa kukorogea ulinitoka mkononi ukazama kwenye rangi. Mteja aliniita mara mbili, nikamsikia kwa mbali. Nilijua, mgeni. Mtoto wa siku sita aliyeshiba huamka akadai tena, hudai kwa ukali, hana adabu na wala haihitaji. Anayelala kutoka alfajiri mpaka saa tano ameishiwa nguvu ya kudai.

Nilipiga simu, haikupokelewa. Nikapiga tena. Tena. Nikafikiri: wamelala wote wawili, mmoja kwa uchovu, mwingine kwa njaa, na simu iko chini ya mto.

Amka, mgeni.

Wanasema majuto ni mjukuu. Yangu hayakungoja kuzaa. Yalipanda nami kwenye pikipiki, yakanishika kiuno njia nzima. Tulipita shule, tukapita gereji, tukasimama kungoja lori lililokuwa linarudi nyuma, linarudi taratibu, dereva wake anaongea na mtu dirishani, na mimi roho mkononi. Niliogopa kuchelewa. Niliogopa kufika pia. Niliogopa kukuta mlango wazi na watu wengi ndani.

Amka, mgeni. Lia. Tukane kwa lugha yako, lakini amka.

Nilikuta bibi yako peke yake uani, anaanika shuka, anaimba. "Karibu, mama! Polepole, mstaafu kalala."

Hata shikamoo sikumpa. Niliingia. Mama yako aliinuka kwa kiwiko, macho mazito, anatabasamu bado. Nikamuuliza kile nilichopaswa kumuuliza siku mbili nyuma. "Amekojoa lini mara ya mwisho?"

Mama yako alimtazama bibi yako, aliyekuwa amenifuata mlangoni. Bibi yako alitazama nepi safi zilizopangwa kitandani, rundo refu, nadhifu.

"Ile ya jana mchana," alisema. "Tukasema basi, ni mtoto msafi."

Nikavuta pazia kando.

Mwanga mweupe uliingia wote kwa pamoja. Nikaomba ruhusa, nikakufungua nguo, na nikaiona ile njano: usoni, kifuani, tumboni, imeshuka mpaka magotini. Macho yako yalipofunguka kidogo hata weupe wake ulikuwa wa njano. Nilikusugua nyayo. Ulikunja uso, ukafungua mdomo, na sauti haikutoka.

"Ana nini?" mama yako akauliza. "Dada, ana nini?"

"Hospitali," nikasema. "Sasa hivi. Mweke kifuani, ngozi kwa ngozi, tusimfunike uso."

Jirani anayefanya kazi usiku alitoa gari lake akiwa bado na kanzu ya kulalia, bibi yako akakaa mbele. Kwenye kiti cha nyuma mama yako alikukamulia matone kwenye kijiko, tone kwa tone, akakupaka mdomoni, ukaramba moja, mengine yakateremka shavuni. Alikuwa ameacha kuniuliza. Alikuwa anakuita tu kwa jina ambalo yeye na bibi yako walikuwa bado hawajakubaliana. Nilikaa pembeni yake nikikushikia kichwa. Mwanamke niliyemwambia unaweza, unaweza kabisa.

Hospitali ilikuwa na sauti nyingi isipokuwa yako. Mizani ilisema umepungua kuliko inavyoruhusiwa. Nesi alikutoboa kisigino kutafuta damu, na hukushtuka. Hapo ndipo nilipoegemea ukuta, nikamwomba Mungu maneno ambayo sitayaandika. Wakakupitishia mpira mwembamba wa maziwa puani, wakakulaza uchi chini ya taa ya kuondoa manjano, macho yamefunikwa kwa kitambaa, na ile taa ikakugeuza bluu kutoka utosini mpaka kidoleni. Sisi watatu tukasimama tukikutazama ukiwa wa rangi nyingine tena. Mama yako alikamua maziwa kwenye kikombe huku amesimama, mshono unamuuma, machozi yanaingia humohumo.

Jua lilipoanza kushuka ulilia. Sauti ndogo, ya kukwaruza, yenye hasira. Nesi alikutoa chini ya taa, akakuweka titini, ukanyonya, ukasinzia, ukatikiswa, ukanyonya tena. Nepi ya kwanza ililowa. "Mmewahi," daktari alisema. "Lakini bado tunamwangalia."

Bado. 

Bibi yako alinishika mikono yote miwili. "Mungu ndiye aliyekutuma, mwanangu. Bila wewe leo tungekuwa tunalia."

Ningeweza kunyamaza, mgeni. Nani angejua? Nilikuwa nimechoka, na shukrani zile zilikuwa za moto. Nikaogopa kusema kuliko nilivyoogopa nyuma ya lile lori. Kisha nikasema.

"Msinishukuru. Siku ile nilipokuja nilipaswa kuuliza nepi ngapi. Ndilo swali la kwanza, kabla ya jingine lolote. Sikuuliza. Nilicheka, nikasema ana rangi nzuri, nikaenda zangu."

Bibi yako aliniachia mikono, akakaa kwenye benchi. "Ni mimi niliyewachekesha," alisema kwa sauti ndogo.

 Mama yako alikutazama wewe kwanza. Halafu akanitazama mimi.

"Nilikuamini," alisema. "Mimi nilikuwa naogopa tangu siku ya kwanza. Uliponiambia naweza, ndipo nikaacha kuogopa."

 Nikaokota mkoba wangu sakafuni.

"Unaenda wapi?" akaniuliza, sauti kavu. "Njoo umshike. Tangu asubuhi mimi mwenyewe sijaenda chooni."

Alikuweka mikononi mwangu bila kunitazama, akashika ukuta, akaondoka hatua moja moja na mshono wake, bibi yako nyuma yake. Tukabaki wawili. Ulikuwa mwepesi kuliko kopo la rangi la lita mbili, na ulikuwa umelala.

Sikukusifu, mgeni. Nilihesabu pumzi zako kwa sauti mpaka aliporudi.