Vedeti ya Kyavinyonge

Tamar alikuwa akigeuza tilapia juu ya moshi wakati gari la wakubwa wapya wa jeshi kutoka Beni lilipofika Kyavinyonge, kijiji cha wavuvi kando ya ziwa. Hakuinua kichwa. Alijua wamekuja kuamua nini kifanywe na vyuma viwili vilivyolala ufukweni tangu askari wa Mobutu walipokimbia: vedeti, ile meli ndogo ya doria yenye bunduki kubwa mbele, na boti pana lililokuwa likiibebea mafuta.

Vedeti hiyo ndiyo iliyomuua mumewe, Salomon. Alikataa kuwapa askari samaki wa bure, wakaugonga mtumbwi wake kwa vedeti mchana kweupe hadi ukazama naye, huku wakicheka. Tamar aliichukia kama mtu anavyomchukia mtu. Kila asubuhi aliimwagia ubavuni maji ya matumbo ya samaki, wala hakuona haya. Alitaka aione inakatwa vipande na kuuzwa chuma chakavu.

Ndiyo maana yeye na shemeji yake, Abdias, waliifungua helisi, ile pangaboi ya shaba inayosukuma meli, wakaifukia chini ya jivu la tanuri lake. Bila helisi, walijiambia, hakuna doria.

Kamanda alivizunguka vyuma, kitambaa puani. Fundi wake akasema mashine bado nzima.

“Mais helise iko wapi?” kamanda akauliza.

Wavuvi wakatazama maji. Askari wake wakapekua nyumba, wakavunja vyungu, wakamchapa Abdias makofi mbele za watu. Tamar akampakulia kamanda samaki wa moto kutoka tanuri lile lile, na alipomwona anajilamba vidole, moyo wake ulisuuzika.

“Bon,” kamanda akasema. “Bila helise ni mikebe tu. Mukate zote, mupeleke kuuza Kasindi.”

Tamar nusura apige vigelegele. Salomon amelipiziwa kisasi, alijiambia, amelipiziwa kweli.

Kamanda hakuwa amemaliza. “Donc, bunduki mutoe. Tutaifunga ku pirogue.” Akaelekeza kidole kwenye mitumbwi ya wavuvi. “Ile kubwa pale ni ya nani?”

“Ni yangu, mukubwa,” Abdias akajibu. “Ndiyo inatulisha, miye na huyu mujane na batoto yake.”

“Sasa ni ya doria. Na wewe utaiendesha. Kesho asubuhi.”

Gari likaondoka. Askari waliobaki wakaanza kufungua bolti za bunduki. Abdias akaja kukaa mchangani kando ya tanuri, shavu limevimba.

“Shemeki, batanilazimisha nigonge benzangu. Nikikataa, batanipiga risasi.”

Tamar aliwatazama wale askari. Walikuwa watu wa mbali na ziwa, na maji yalipowafika magotini walishikana mikono kwa woga. Hasira aliyodhani imeisha ilimpanda upya, safari hii baridi kabisa.

“Bale banajua kuogelea?”

“Hata mumoja.”

“Na weye?”

“Unauliza nini, Tamar? Nilizaliwa ku maji.”

Akachagua samaki mnono kuliko wote, akamtia mkononi.

“Basi kula, shemeki. Kesho ubapeleke mbali sana.”