Sahihi ya Norris

Thelma Ackroyd alikuwa mshika mkia, na mshika mkia hatangulii. Ndiyo kanuni ya chama chao cha watembeaji: kiongozi mbele na ramani, kundi katikati, mshika mkia nyuma akihesabu vichwa. Jumapili ile vichwa vilikuwa kumi na kimoja, na safari ilikuwa maili kumi na tatu za nyika ya mlimani, kutoka stesheni ya Garsby hadi ya Holmthwaite. Tope, upepo, na kondoo wanaokutazama kana kwamba umekosea mlango.

Mfukoni mwa koti lake la mvua mlikuwa na fomu. Ikipata sahihi ya kiongozi wa leo, Thelma naye angekuwa kiongozi. Mtu asicheke. Marehemu mumewe alimwendesha kwenye gari miaka thelathini na moja bila kumwachia ramani hata siku moja, na kila likizo walipotea. Thelma aliitaka ramani kama mwingine anavyotaka nyumba.

Mwenye sahihi alikuwa Norris Pickersgill, mzee wa miaka sabini na minne, mwenye miguu ya mbuzi na masikio ya mapambo.

Saa sita mchana, ukungu umeshashuka, walikula kwenye rundo la mawe, mahali njia inapogawanyika. Ramani ilisema kushoto. Norris akainuka, akashika kulia, kifua mbele, na wote wakamfuata.

Thelma akamvuta mkono Gwen, aliyekuwa mbele yake. "Gwen, si tulipaswa kwenda kushoto?"

"Kushoto kabisa, mpenzi. Hata kipofu anajua."

"Sasa mbona husemi?"

"Nimwambie Norris? Mimi? Nimekuja kunyoosha miguu, sikuja kugombana na mtu. Sema wewe mwenye cheo."

Thelma akaigusa fomu. Kusema kweli aliogopa. Basi akaona heri afunike kombe mwanaharamu apite, akaendelea kuhesabu vichwa.

Mwanaharamu hakupita. Baada ya nusu saa Norris alizama kwenye kinamasi hadi mapajani. Akasimama humo kwa heshima zake zote, akawageukia.

"Hapa ndipo penye nyika yenyewe," akasema. "Natumai mnafurahia."

"Inapendeza sana, Norris!" wakaitikia watu ambao viatu vyao vilijaa maji. Mwalimu mmoja mstaafu aliacha buti lake la kushoto humo humo topeni, kisha akawaomba radhi waliomchomoa.

Saa nane wakatokea kwenye rundo la mawe.

"Hili ni jingine," Norris akatangaza.

Maganda ya mayai aliyoyala Gwen yalikuwa pale pale juu ya jiwe. Watu wakayatazama kwa adabu.

"Lakini yanafanana, eti?" akasema Gwen.

Safari hii Norris alishika kushoto bila kumtazama mtu. Walifika Holmthwaite wakati treni inaondoka, wakaiona mgongo. Iliyobaki ilikuwa moja tu, ya mwisho kwa Jumapili, saa moja kasorobo jioni.

Nje ya stesheni, Norris aliitandika fomu mgongoni mwa Gwen, akatia sahihi.

"Nimewapima wengi, Thelma. Wote midomo. 'Norris, una hakika? Norris, dira inasemaje?' Wewe umetulia nyuma, hukunisumbua hata kidogo. Huo ndio uongozi." Akamkabidhi ramani yenye matope. "Haya, mama, tupeleke nyumbani."

Aibu ilimpata, siwezi kusema haikumpata, lakini furaha iliimeza. Thelma akapanda daraja la kuvukia reli, akashukia jukwaa la pili. Maishani mwake hakuwahi kufuatwa na mtu. Sasa alisikia mabuti ishirini na moja yakipanda ngazi nyuma yake, akaona amekuwa mtu.

Treni ilikuja kwa wakati wake. Ikasimama jukwaa la kwanza, ng'ambo ya reli. Milango ikafunguka, ikangoja, ikafungwa. Ikaondoka tupu.

Thelma akageuka taratibu. "Mlijua?"

"Kibao kiko pale chini ya ngazi, mpenzi, kimeandikwa jukwaa la kwanza," akasema Gwen. "Sote tumekisoma."

"Mkanyamaza!"

"Ulikuwa na furaha mno. Nani angekuwa na roho ya kukuharibia siku?"

Hasira zikampanda. Angemfokea nani, na kwa mdomo upi? Mbele yake zilipangana nyuso kumi na moja za upole mtupu, na kwa mara ya kwanza siku ile akaingiwa na hofu ya kweli.

Norris akampigapiga bega.

"Yazoee tu. Mwezi ujao unatupeleka kwenye kingo za majabali ya baharini, yale ya ukungu. Sote tumeshajiandikisha. Tutakuwa nyuma yako, hatua kwa hatua."