Maiti Inayoitikia Salamu

Lyuben alikuwa na vyeti vinne vya mambo ya wingu, yaani kompyuta za kukodi mtandaoni, kavitundika vyote nyuma ya kiti chake, na hakuna hata kimoja kilichomfundisha kupokea simu. Yeye na skrini yake tu. Hapo ndipo alipoyatazama makontena kumi na mawili ya mtandaoni, kila moja limebeba nakala ya programu ya tiketi za mabasi ya mji wa Plovdiv, kila moja na taa yake ya kijani. Jukwaa la wingu walilokodi huyauliza kila baada ya sekunde kumi: mpo? Lisilojibu linauawa, linawekwa jingine.

Alhamisi kabla ya Pasaka, stendi ikapiga simu tangu saa moja asubuhi. Tiketi haziuziki. Lyuben akasema mashine za stendi ndizo mbovu, na aliyezifunga ni Yasen, kijana aliyeacha shule kidato cha pili na ambaye siku hiyo ndiyo alikuwa anamaliza miezi yake ya majaribio. Asipozitengeneza kufika saa sita, aage.

"Kwangu kijani," Lyuben akasema. "Wewe hangaika na nyaya zako, dogo. Huku juu ni kwa waliosoma."

Yasen hakwenda stendi. Alifungua programu akatafuta jibu la lile swali la "mpo?". Akalikuta, mstari mmoja, mkono wa Lyuben mwenyewe: ndiyo. Basi. Haliangalii hifadhidata ya tiketi, haliangalii chochote. Maiti imefundishwa kuitikia salamu, na msomi anaitazama anafurahi.

Akaingia kwenye jukwaa akabadilisha swali. Badala ya "mpo?", nionyesheni tiketi moja. Haikupita dakika, yote kumi na mawili mekundu, jukwaa linaua na kuzalisha, linaua na kuzalisha.

Rumyana, mwenye kampuni, akatoka ofisini kwake. Lyuben akamwahi: huyu mtoto kaua mfumo.

"Mama, piga simu stendi," Yasen akasema.

Akapiga. Akaambiwa hakuna tiketi hata moja iliyouzwa tangu asubuhi, na watu wamefika mpaka barabarani. Yasen akawaonyesha sababu: jana jioni Lyuben alibadilisha nenosiri la hifadhidata, makontena hakuyapa. Akalipachika palepale. Tiketi zikaanza kutoka, taa zikarudi kijani. Lyuben alikuwa ameinama anatafuta kitu kwenye droo, na alikitafuta muda mrefu sana.

Rumyana akashusha pumzi. Akamwambia Yasen kazi amepata, mkataba asaini leo leo.

"Ila lile swali la zamani lirudishe," akasema. "Wiki ijayo wanakuja wateja kutoka mji wa Sofia. Nyekundu inawatisha watu."

Yasen alimtazama, akamtazama na Lyuben, ambaye sasa alikuwa ameinua kichwa na kukubali kwa adabu zote.

"Basi bandikeni karatasi ya kijani hapo kwenye skrini, mama," akasema. "Hata yeye ataweza."

Akachukua koti lake. Mkataba akauacha mezani, kalamu juu yake.