Matone ya Mzee Anfinn

Bakuli lilikuwa bado linafuka mvuke nilipolisukuma mbele ya Steinar, nikamwekea na kijiko.

"Haya, kula wewe."

Steinar alikuwa meneja wetu katika nyumba ya wazee, pwani ya magharibi ya Norwei. Si daktari, si muuguzi. Kabla ya hapo aliuza makochi, na wazee aliwatazama vilevile, kama bidhaa zilizochuja rangi. Asubuhi hiyo meya alikuwa anakuja kuzindua jengo jipya, na hofu ya Steinar ilikuwa moja tu: mdomo wa Borghild.

Borghild, mmoja wa bibi tuliowatunza, alizeekea kwenye kiwanda cha samaki wa makopo. Akili ilishaanza kumtoroka, sauti ikabaki. Akiona mwanamume mwenye tai, alimporomoshea matusi ya kiwandani, kisha akacheka mpaka machozi.

"Sista Ingunn," Steinar alikuwa ameninong'oneza mapema, "mtilie yale matone ya usingizi ya mzee Anfinn. Asinzie kidogo tu."

"Yale daktari kamwandikia Anfinn."

"Dawa ni dawa. Wewe si una ruhusa ya kutoa dawa?"

"Nina ruhusa ya kumpa mgonjwa alichoandikiwa yeye. Kumchagulia, sina. Wewe hata kushika chupa huna."

Alitabasamu, tabasamu lake la dukani. "Nyie wauguzi, mkichoka kazi mnaikumbuka sheria."

Nikaenda kuwavalisha wazee. Niliporudi jikoni, kabati la dawa lilikuwa wazi, ufunguo wa akiba wa meneja unaning'inia, naye anakoroga uji wa maziwa wa Borghild kwa uangalifu ambao sikuwahi kumwona nao kwa mzee yeyote.

"Hayana madhara," alisema. "Hata mtoto angekunywa."

Ndipo nilipompa kijiko.

Mpishi Oddny aliacha kukata mkate. Siagi iliyeyuka juu ya uji, ikatuama. Steinar alilitazama bakuli, akanitazama mimi, akalegeza tai.

"Nina wageni, Ingunn."

"Na Borghild ana wageni."

Hakula. Nilimwaga uji ule mbele ya macho yake, nikafunga kabati, ufunguo nikautia mfukoni.

Nilimshtaki kwa wakaguzi. Walimwonya kwa upole, na baada ya miaka michache akapandishwa cheo, akahamia mjini. Siku hizi, nasikia, hualikwa kuzungumzia heshima kwa wazee. Watu humpigia makofi. Sishangai, makochi nayo aliyauza vizuri.

Siku ile meya aliingia akinyoosha mkono. Borghild akamkagua tumbo.

"Hiyo mimba ya nani, baba?"

Meya alicheka kwa shida. Steinar alicheka kwa sauti kuliko wote.

Walipoondoka, Borghild alimaliza bakuli la pili alilopakuliwa na Oddny, akafuta midomo, akaniomba nifungue dirisha. Alisema chumba kinanuka manukato.