Kiti cha Lazare Kimeshushwa

Mtu alikuwa amekalia kiti cha Lazare, na hilo halikuhitaji mpelelezi. Lazare ni mrefu, miguu yake ukiianza leo utaimaliza kesho, na kiti chake cha ngoma hukiinua mpaka skrubu inalia. Jumamosi ile alipoingia chumba cha mazoezi kule St Marys, nyuma ya gereji ya kupaka magari rangi, alikaa akakuta magoti yanamfika kidevuni. Kiti kimeshushwa! Na katika bendi ya Mvua ya Mawe sheria iliyowahi kuheshimiwa ni moja tu: kiti cha mpiga ngoma hakiguswi.

"Nani alikaa hapa?" aliuliza.

Maxwell, mpiga gitaa, Mkenya ambaye siku zote mdomo haumtulii, akajitia kukunja nyaya. Callixte, mwimbaji, Mrundi mfupi mwenye kifua kipana, akanywa maji. Kisha wakatazamana na midomo ikachezacheza.

"Munanong'onaka nini?"

Maxwell akageuka, akamtazama usoni. "Hakuna mtu ananong'ona, bro."

Eti hakuna! Lazare aliinua kiti chake, akakaza skrubu kwa hasira, akapiga mazoezi yote bila kumtazama mtu. Alikwisha jua. Walikuwa wamepata mpiga ngoma mwingine, tena mfupi, na wanamfundisha nyimbo yeye akiwa kazini.

Sasa usimcheke. Hii bendi ndiyo maisha yake. Waliianzisha shuleni Merrylands, huku ughaibuni, yeye na Callixte wametoka kambi ya wakimbizi juzijuzi, Maxwell kaja na mama yake muuguzi. Muziki wenyewe unaitwa post-hardcore: magitaa yanakwaruza, mwimbaji anaimba taratibu kama anabembeleza mtoto, halafu ghafla anapiga mayowe kama aliyemwagikiwa uji wa moto. Shoo ya kwanza waliifanya kwenye ukumbi wa kanisa. Wimbo wa pili haukuisha, mchungaji alizima umeme akaanza kukemea mapepo. Wazazi walisema ni utoto, utawatoka. Wapi! Walirekodi albamu gerejini kwa mjomba, wakazunguka pwani nzima na gari ambalo mlango wake ulifungwa kwa kamba. Wapiga besi walikuja wakaenda. Mmoja aliokoka, mwingine alihamia Perth akasahau hata kupiga simu. Bendi zote walizoanza nazo zimekufa. Wao watatu wamebaki, vipara vinaingia, na mwezi ule walikuwa na shoo Parramatta, ukumbi wa maana, ya kutimiza miaka ishirini. Ndiyo sasa wamtose? Lazare akilifikiria hilo alikosa hata hamu ya kula.

Na si hao tu. Nyumbani nako kulikuwa na jambo. Mkewe, Bénie, alikuwa akiongea na simu jikoni kwa sauti ya chini, na Lazare akiingia anakata. Mtoto wao, Déborah, akiulizwa kitu alijibu amekunja uso, "I already said it, Papa," na Lazare angeapa hakuwa amesema lolote. Adabu ya wapi hiyo? Runinga ilikuwa inapunguzwa sauti, akiiongeza wanaipunguza. Hata earphone alizonunua zilikuwa feki, jozi mbili kazitupa. Aisee, dunia nzima ilikuwa imekubaliana kumficha Lazare jambo.

Basi akatega. Jumamosi iliyofuata alichukua simu ya zamani ya Déborah, akaiwasha irekodi. Ndani ya ngoma yake kubwa, ile ya kupigwa kwa mguu, kuna blanketi la kambini lililobanwa humo tangu zamani ili ngoma isivume ovyo. Simu akaiegemeza pale, kwenye tundu la mbele. Kisha akasema kwa sauti kubwa, "Niko naenda kutafuta kebab. Munataka nini?"

Alikaa huko makusudi, akala yake amesimama. Aliporudi na mifuko, kiti kilikuwa kimeshushwa tena. Mbele yake! Kiti kiko chini na hao wawili wamesimama wima kama hawajui kitu. Lazare alikiinua, wakapiga mazoezi, na muda wa kwenda zamu ya mchana kule godauni ulipokaribia akachomoa simu kimyakimya, akawaacha Callixte na Maxwell wakiendelea na mambo yao.

Ndani ya treni alitafuta kiti cha dirishani, akaifungua ile rekodi. Akaweka sauti mpaka mwisho, akaibandika simu sikioni. Akasikia mvumo. Halafu manong'ono. Unaona? Hata peke yao wananong'ona! Ama kweli wajanja hawa, walijua atatega. Akakazana kusikiliza, kijasho kinamtoka, hasira imempanda. Hapohapo aliamua: Jumatatu anajitoa, na atawaandika mtandaoni kila mtu awajue, shoo ya Parramatta wakaifanye na huyo mfupi wao.

Mtu akamgusa bega. Ni mama mmoja wa makamo aliyevaa sare ya kazi ya kutunza wazee, jina Verdiane limeandikwa kifuani. Alimwinamia karibu.

"Baba, samahani," alisema kwa Kiswahili. "Hayo ni mambo yenu, lakini behewa zima linasikia. Sisi tunaokijua Kiswahili tunasikia kila neno."

"Unasikia? Hawa wananong'ona, mama."

"Wananong'ona?" Verdiane alimtazama, kisha akaitazama simu. "Baba, hao wanagombana. Mmoja anapiga kelele kabisa."

Lazare akainua kichwa. Abiria walikuwa wamemgeukia, mmoja kaziba masikio. Simu ilikuwa bado sikioni pake na yeye aliusikia mvumo, basi. Akaisogeza simu kwa Verdiane.

"Anasema nini huyo wa kelele?"

"Ndugu zako hao?" aliuliza Verdiane.

"Niambie tu, mama."

Mama wa watu akaketi akimwelekea, akategea sikio. "Anasema, 'Mimi nimekaa kwenye kiti chake, na kutoka hapa mdomo wako siuoni, Maxwell. Sogea! Lazare masikio yamekwisha, anacheza kwa macho, mdomo wako ndio unamhesabia. Asipokuona ataaibika mbele ya watu.'" Akategea tena. "Mwenzake anasema wamwambie tu ukweli, Bénie amewaomba, daktari lazima amwone. Anauliza, na baada ya shoo? Huyu wa kelele anasema baada ya shoo basi, wanaacha wote. Bila Lazare hakuna bendi." Akamtazama. "Sasa wanalia, nafikiri. Huyo Lazare unamfahamu?"

"Kidogo," alisema Lazare.

Aliona aibu mpaka akatamani sakafu immeze. Chini ya aibu palikuwa na hofu, hofu hasa, ya mtu aliyepiga ngoma maisha yake yote na sasa anaambiwa ulimwengu haunong'oni. Déborah alikuwa amesema. Kila mara alikuwa amesema. Alipomkumbuka jinsi anavyokunja uso, Lazare alifunika macho kwa kiganja, na Verdiane akamwacha, akamshikia simu.

Parramatta alishuka. Akatuma ujumbe kazini kwamba haji, akavuka upande wa pili wa reli, akapanda treni ya kurudi.

Aliwakuta bado wapo. Callixte alikuwa amekalia kiti, miguu haifiki vizuri chini, na alipomwona mlangoni aliruka kama mwizi. Mdomo wa Maxwell ukaanza kucheza haraka haraka, uongo wa aina fulani, na Lazare kwa mara ya kwanza akaona wazi kwamba hasikii hata neno moja la huo uongo.

Alikwenda kwenye kiti, akakiinua mpaka skrubu ikalia, ingawa kilio hicho nacho alikisikia kwa mkono tu. Akakaa, akashika vijiti, akawatazama mmoja mmoja.

"Maxwell," alisema, "sogea upande wa kushoto kidogo. Hapo sikuoni mdomo."

Maxwell akasogea.