Kabureta Mbili za Kamanzi

Kaka yangu Kamanzi alikamatwa kwa sababu ya gasketi. Mwezi wa tisa mwaka 1990 alikwenda Kampala kuitafuta, maana gari lake lilikuwa la Kiingereza, MGA ya zamani isiyo na paa, na katika Kigali iliyojaa Toyota na Peugeot hakuna duka lililokuwa na gasketi ya kuziba injini ile. Alirudi nayo imezungushiwa gazeti, anacheka peke yake. Muda si mrefu vita vikaanza upande wa Uganda. Askari wakapita mtaa wetu wa Biryogo nyumba kwa nyumba wakiuliza nani ametoka huko karibuni. Karatasi yake ya safari ilikuwa na mhuri wa Gatuna, mpakani na Uganda. Wakamwita icyitso, msaidizi wa adui, wakampandisha lori. Gasketi waliiacha juu ya meza.

Gari lilibaki uani kwetu chini ya turubai. Kamanzi alilitoa Kicukiro, kwenye migomba ya Mbelgiji mmoja aliyerudi kwao, kuku wakiwa wanataga kwenye kiti cha dereva. Sakafu yake ilikuwa ya mbao na mbao zilikuwa zimeoza, ukikanyaga unaona ardhi. Jioni baada ya kazi alilitengeneza kidogo kidogo, na mimi nilimshikia vitu. Niliacha shule darasa la tano mama alipofariki, nikabaki nyumbani na baba. Mimi si msemaji. Wageni wakija nilikuwa najificha jikoni. Lakini chini ya gari hakuna anayekutazama usoni, kwa hiyo nilipenda kuwa huko.

Siku askari waliporudi kupekua nyumba, aliyewaongoza alikuwa Kapteni Nshimiyimana. Alitusemesha Kiswahili, kama wengi walivyotufanyia watu wa Biryogo, utadhani Kinyarwanda si chetu. Akavuta turubai.

"Muzee, hii gari ni ya nani?"

"Ya mtoto wangu, afande," baba akasema. "Mnaye nyinyi."

Kapteni akalizunguka. Akapapasa mlango akitafuta pa kushika, hakupata. Baba akaingiza mkono ndani, akavuta kamba, mlango ukafunguka. Kapteni akacheka kwa furaha. Alisema aliiona moja kama hiyo Ubelgiji alipokuwa masomoni, ikiendeshwa na kijana mwenye miwani ya jua, na hajaisahau.

"Itembee," akasema, "na mtoto wako atarudi."

"Lini, afande?"

"Siku itakayotembea."

Tukaanza siku ileile. Baba alikuwa fundi magari tangu ujana, lakini macho yake yalikuwa na ukungu wa mtoto wa jicho, akawa anaona kwa vidole. Yeye aliniambia, mimi nilifanya. Nilisugua kutu mpaka kucha zikaisha. Nilikata mbao mpya za sakafu nikazipaka oili chafu zisiliwe na mchwa. Viti nilivishona kwa cherehani ya mama, na sindano zilivunjika kwa sababu ngozi ya plastiki ile ilikuwa nene. Gasketi ya Kampala tuliifunga wenyewe. Baba alipoilaza mahali pake aliishika muda mrefu, kisha akasema, "Bismillahi," akaanza kukaza nati.

Kila nilipopeleka chakula gerezani walikipokea mlangoni, lakini kumwona Kamanzi hawakuniruhusu. Wanawake waliokuwa wakisubiri na mimi walisema wengine walioingia siku moja naye hawapokei chakula tena. Nilimwambia baba. Alinituma nimletee spana.

Injini ilipowaka mara ya kwanza, mimi nilidhani tumemaliza. Baba akaizima.

"Tukimpa gari zima, atachukua gari," alisema. "Kamanzi atamsahau kama mtu anavyosahau kijiti cha kibiriti akishawasha jiko."

"Tufanyeje, baba?"

"Tutamwachia Kamanzi kabureta."

Gari lile lina kabureta mbili, vyombo vya kuchanganya petroli na hewa, moja mbele na moja nyuma yake, na kila moja lazima ivute hewa sawa na mwenzake. Moja ikizidi, injini inatetemeka na kukohoa. Kamanzi alizipima kwa mpira mwembamba: ncha moja sikioni, ncha nyingine kwenye mdomo wa kabureta. Alisikiliza mluzi wa hewa, huku na huku, akigeuza skrubu mpaka milio ifanane. Mara nyingi alinipa mpira na mimi nisikilize. Aliniambia, "Wewe husemi, angalau usikie." Na kwetu Biryogo mafundi wana desturi: injini inafungwa na mkono ulioifungua. Ukimaliza kazi aliyoianza mwenzako, naye yuko hai, unaitwa mwizi. Hata dereva wa lori anaijua desturi hiyo. Baba aliitegemea. Akageuza skrubu zote mbili ovyo kwa bisibisi, akanifundisha la kusema kama nikiulizwa mimi. Niliomba Mungu nisiulizwe.

Kapteni akaja. Gari likawashwa, mabati yakagongana.

"Mbona inatetemeka kama iko na malaria?"

"Inataka sikio la Kamanzi, afande. Ndiye aliyezifungua hizi kabureta. Mimi nimezeeka."

"Kigali nzima hakuna mwingine?"

"Wallahi hakuna."

Kapteni alimtazama baba kama mtu anayepima nyama sokoni. "Nitamleta," akasema.

Alimleta Ijumaa baada ya sala ya mchana, nyuma ya pikapu, na askari mmoja aliyeitwa Cassien. Kamanzi alishuka polepole. Alikuwa amekonda, shati limemzidi, mikono imefungwa kamba mbele. Baba alimshika uso kwa viganja vyote viwili.

"Alhamdulillahi!" Kamanzi akasema, kwa sauti kubwa mno. Nikafikiri ni furaha.

"Kaka, umekula?" nikamuuliza.

"Salama, salama kabisa," akasema.

Nilisogea karibu. Chini ya sikio lake kulikuwa na kitu kimekauka, na kulikuwa na harufu ya kidonda. Sikio la pili vilevile. Akanitazama machoni, akaweka kidole kwenye sikio, akakizungusha kama ufunguo mlangoni. Masikio yamefungwa. Baadaye alinieleza kwamba walimpiga makofi masikioni, pande zote mbili kwa pamoja, mpaka yakapasuka.

Baba hakuona. Alikuwa anamwambia Kapteni, kwa fahari, "Sasa mtasikia wenyewe!"

Cassien akamfungua kamba. "Haya, fundi, tuimbie," akasema, akaegemea ukuta na bunduki yake. Kapteni alikaa kwenye kigoda, kikombe cha chai ya tangawizi mkononi. Nilitakiwa nirudi jikoni.

Kamanzi akawasha injini. Akaweka mpira sikioni, akafumba macho kama zamani. Mimi nilijua hasikii kitu. Akagusa skrubu ya kabureta ya mbele, akaigeuza upande mbaya. Injini ikakohoa, ikataka kuzima. Kapteni akaweka kikombe chini.

"Ndiye huyu mwenye sikio?"

"Bado, afande, bado," baba akasema, lakini sauti yake ilikuwa imeanza kupotea.

Sikumbuki nilivyovuka uani. Nilijikuta nimeinama kando ya Kamanzi, nikachukua mpira mkononi mwake kama nilivyokuwa nikimshikia siku zote. Ncha moja niliipitisha ndani ya mtandio wangu mpaka sikioni. Mkono wangu wa pili niliuweka mgongoni kwake. Nikambonyeza mara moja: kaza. Mara mbili: legeza. Hatukuwa tumepanga. Alikosea kwanza, nikambonyeza tena, akaelewa. Chini ya shati niligusa mifupa na makovu mapya. Nilihamisha mpira mbele, nyuma, mbele. Ya nyuma ilivuta kwa nguvu kama mtu aliyekimbia. Nikambonyeza mara mbili. Ya mbele ilikuwa na pumzi ndogo. Mara moja. Moja tena. Mtetemeko ukapungua, mabati yakatulia, na milio miwili sikioni mwangu ikawa mmoja. Nikamshika bega. Akaondoa mikono.

Hata Cassien alisema, "Eh!"

Kapteni alirukia ndani ya gari. Tulimsikia akishuka kuelekea Nyamirambo, akipandisha gia, akirudi. Watoto walimkimbilia. Aliliingiza uani akiwa anameta jasho.

"Fundi!" akaita. Kamanzi alikuwa amempa mgongo, anafuta mikono kwa kitambaa. "We, fundi!"

Kamanzi aliendelea kufuta.

"Kamanzi, unaitwa," baba akasema. Kisha kwa ukali: "Kamanzi!"

Cassien alimsogelea kwa nyuma, akapiga makofi karibu na kichwa chake. Kamanzi hakushtuka. Ndipo baba alipojua kwamba hasikii.

Kapteni alitutazama mmoja mmoja. Akauona mpira ukining'inia mkononi mwangu.

"Nani alisikiliza?"

"Ni yeye, afande," baba akasema. "Ni uchovu tu, sikio lake..."

"Muzee, macho yako iko mabaya. Yangu iko mazima. Nani?"

"Ni mimi," nikasema.

"Sema kwa nguvu."

"Ni mimi, afande."

Akacheka mpaka akashika mlango. "Muzee aliapa hakuna mwingine Kigali! Kumbe iko jikoni!" Kisha kicheko kikaisha. Akampa Cassien ishara kwa kidevu. Cassien akaokota kamba chini. Kamanzi alipoiona, alinyoosha mikono yake mwenyewe bila kuambiwa.

Nilisimama mbele yake. Maneno haya hakuna aliyenifundisha.

"Afande, mimi nasikia tu. Skrubu sizijui. Anayejua ni yeye. Ukimchukua, gari litarudi kutetemeka, na litakuzimikia njiani mbele ya watu."

"Unanidanganya?"

"Hapana, afande."

Nilikuwa nadanganya. Skrubu nilizijua vizuri.

Kapteni alipapasa usukani. Alitazama rangi nyekundu niliyoipiga mimi, kwa pampu niliyoazima mtaa wa Muhima. "Vipande viwili vya fundi mmoja," akasema. "Sawa. Abaki. Kila Jumamosi naleta gari, mnasikiliza. Lakini siku itakayokohoa, huyu anapanda pikapu. Mwambie. Mwandikie, mwimbie, sijui."

Wakaondoka, yeye ndani ya MGA, Cassien nyuma yake na pikapu.

Baba alimkalisha Kamanzi kwenye kigoda, akamgusa masikio kwa ncha za vidole, polepole, kama anavyotafuta ufa kwenye bomba. "Niliapa," alikuwa anasema. "Niliapa kwa Mungu kwamba ni sikio lake." Kamanzi alimtazama midomo, akaniuliza kwa sauti ile kubwa, "Baba anasemaje?" Nikampa chai.

Hivyo ndivyo tunavyoishi. Njia ya Gatuna imefungwa, petroli inazunguka Tanzania ndipo ifike, na watu wanaiuza kwa madumu barabarani, imechanganywa na mafuta ya taa au maji. Kabureta hazipendi hivyo. Kamanzi anasafisha vichujio, anakagua plagi, kazi ya macho na vidole, na mimi nafanya ya sikio. Jumamosi zilizopita tuliwahi kulirekebisha kabla halijakohoa. Kapteni sasa anakuja na marafiki, wanapiga picha wakiwa wamekaa juu ya mlango, na mmoja wao anauliza kama mimi nimeolewa.

Leo nimelisikia gari likiwa bado chini kwenye msikiti. Linapanda. Halijafika kona ninajua kabureta ya mbele imekosa pumzi na gari linakohoa, na nyuma yake kuna pikapu, gia ya pili. Kamanzi hasikii, yuko mkekani anakula. Lakini ameniona nikisimama na kuchukua mpira, ameniona uso. Ameweka tonge chini, amenawa, na sasa anavaa viatu na kufunga kamba vizuri, kwa sababu mara ya kwanza walimchukua pekupeku.